Jeneza Lenye Matundu

"Korosho zimelowa."

Faidha Makota alikuwa ameketi kwenye benchi la muuza chai, stendi ya Masasi, kikombe mkononi. Sauti ya Anderson kwenye simu ilikuwa tulivu. Utulivu huo ndio uliomtisha. Mkuu wake alizoea kufoka kwa mambo madogo. Kwa mambo makubwa alinong'ona.

"Gunia au mwenye gunia?"

"Vyote viwili."

Aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika.

Kwa lugha ya Idara ya Usalama, korosho zilizolowa ni mali iliyoibwa. Mwenye gunia ni binadamu. Na binadamu huyo ndiye aliyekuwa akimsubiri tangu asubuhi: Dokta Veridiana, mhandisi wa vioo vya darubini, mzaliwa wa Newala. Faidha alikuwa amepewa kazi moja tu. Ampokee Masasi, amfikishe uwanja wa ndege wa Mtwara yeye na mzigo wake.

Mzigo ulitoka angani. Wiki iliyopita, darubini iliyoning'inizwa chini ya puto kubwa la utafiti ilishuka kwa mwavuli katikati ya mikorosho ya Chilangala, kule Newala, mbali na mahali ilipotarajiwa. Darubini ile ilipima mwanga wa kwanza wa ulimwengu, mwanga wa kale kuliko nyota zote, ambao sasa umepoa na hauonekani kwa jicho, lakini bado unatufikia kutoka kila upande wa anga. Wanasayansi walitaka kujua mwanga huo unatetemeka kwa kulalia upande gani. Moyo wa kifaa chao ulikuwa visahani vitatu vya yakuti samawi, safaya kwa lugha ya madalali, kila kimoja kipana kama ungo, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kisahani cha kati kiligeuzwa kwa pembe maalumu. Pembe ikikosewa, vyote vitatu ni vioo vya bei mbaya.

Wezi hawakuwa na haja na asubuhi ya ulimwengu. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na wanunuzi waliotaka kutengeneza jicho la kombora, linaloona shabaha ndani ya moshi na mawingu. Walihitaji visahani. Walihitaji pia kichwa chenye pembe ile. Na wakishaipata, kichwa hicho hakitawafaa tena.

"Dereva wake yuko wapi?" Faidha aliuliza.

"Tumempata nyuma ya mawe, chini ya mlima. Amefungwa kamba, yuko hai. Anasema ni wanne. Wana bunduki na sindano ya usingizi. Kiongozi amevaa suti ya kijivu."

"Tausi."

"Tausi," Anderson alikubali. Hilo ndilo jina ambalo Idara ilimpa jasusi wa ng'ambo aliyependa kuvaa vizuri. "Sasa sikiliza. Hapo Masasi kuna dalali wa madini anaitwa Shamte. Ameletewa safaya kubwa kama ungo. Polisi wote wanakimbilia kwake."

"Mapema hivi? Aibe asubuhi, auze asubuhi?"

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Simu ilikatika. Faidha alilipa chai ambayo hakuinywa.

*

Shamte alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya soko. Polisi walikuwa bado hawajafika. Alikaa mlangoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kama umekuja kwa ile safaya, pita. Usiipumulie tu."

Kisahani kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa kwa taulo safi. Faidha alitoa simu yake ya Tecno, akaiwasha hadi mwanga wa mwisho. Akavaa miwani yake ya jua. Ilikuwa Ray-Ban ya kuzuia mng'ao, na Idara haikuwa imemnunulia kwa ajili ya urembo. Aliizungusha simu mbele ya macho polepole. Kioo cha simu kikafifia, kikafifia tena, kikawa cheusi kabisa.

"Imezima?" Shamte aliuliza.

"Haijazima. Mwanga wake umelala upande mmoja, na miwani imeuzuia. Safaya iliyokatwa vizuri ingeugeuza upite."

Alikiingiza kisahani kati ya simu na miwani. Akakizungusha mzunguko mzima.

Giza.

"Hiki ni kioo cha dirisha, mzee."

Shamte alikitazama kisahani, kisha akatazama barabara inayokwenda nyumbani kwake. "Nilikwishamwambia mke wangu," alisema.

"Aliyekiacha alivaaje?"

"Suti ya kijivu. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha taarifa ya habari. Kasema atarudi. Kisha kavuka hapo kwa Halfani kuchukua jeneza la baba yake."

Kioo cha bandia kilikuwa cha kuwavuta polisi Masasi. Jeneza lilikuwa la nini?

Halfani seremala alikuwa akifagia maranda. Alikuwa Myao wa hapohapo Masasi, mtu wa maneno mengi, na hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Aliagiza jana. Pana, lenye kina kirefu. Nikadhani baba mtu alikuwa mnene. Msalaba umeandikwa Marehemu Emmanuel Chilumba, Mmakonde wa bondeni kule. Ila kuna jambo limenikaa rohoni, binti yangu."

"Lipi, mzee?"

"Alitaka nimtobolee matundu ya keekee, upande wa miguuni. Membamba kama penseli. Eti dawa ya hospitali ina harufu, ipate pa kutokea. Mimi nikamtania. Nikamwambia, nyinyi Wamakonde hata mkifa mnataka hewa ya bure? Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibuje?"

"Aliniomba radhi." Halfani aliegemea fagio lake. "Mmakonde anamwomba radhi Myao. Nilidhani uchungu wa msiba umemzidi."

Faidha alikuwa akiyatazama maranda sakafuni, yaliyojiviringa na kung'aa. Hakuna anayemtobolea maiti mahali pa kupumulia.

Veridiana alikuwa ndani. Alikuwa hai. Na alikuwa na matundu machache membamba miguuni, wakati pua yake ilikuwa mwisho wa pili.

*

"Msiba umepita kizuizi cha barabara ya Newala muda si mrefu," Anderson alisema, Faidha alipompigia. "Pikapu yenye jeneza na Noah moja nyuma. Askari walivua kofia."

"Hawakulifungua?"

"Nani anafungua jeneza, Faidha?"

"Simamisha. Yumo ndani."

"Kwa ushahidi gani? Matundu ya seremala? Nikilivunja jeneza mbele ya wafiwa na humo akawemo mzee wa watu, nitazika kazi yangu na yako. Na kama umesema kweli, ni hatari zaidi. Yupo mtu amekaa karibu naye na sindano. Akiona bunduki moja, anamaliza kazi."

Faidha alifumba macho.

"Nipe uhakika," Anderson alinong'ona. "Na nipe mtu wetu mmoja mkono wake ukiwa juu ya jeneza kabla bunduki yoyote haijaonekana. Nitaficha askari kwenye mikorosho, njia ya kuelekea Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Newala. Wakishateremka ukingo ule, mto Ruvuma uko mbele yao. Baada ya hapo hatuna kitu."

Mkono juu ya jeneza. Nani anaruhusiwa kuweka mkono juu ya jeneza la mtu asiye ndugu yake, njiani, bila kuonekana mwizi wala mwendawazimu?

Jibu lilimjia kwa sauti ya Halfani: mtani. Alipiga namba ya Newala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Mbona unahema?" Shangazi Sophia alikuwa sokoni, kelele zilisikika nyuma yake. Alikuwa dada wa baba yake Faidha, Myao kama yeye, aliyeolewa Newala akazeekea hapo. Alijua kwamba mtoto wa kaka yake anafanya kazi bandarini.

"Kuna msiba wa Mmakonde unapanda kutoka Masasi. Nataka muuzuie njiani. Kwa utani."

"Msiba wa Mmakonde tunauzuia bila kuombwa. Nani kafa?"

"Hajafa."

Kelele za soko ziliendelea.

"Aliyemo ndani ni mzima," Faidha alisema. "Wanaojiita wafiwa ni wezi, na wana bunduki. Shangazi, ukikataa sitakulaumu. Ukikubali, waambie wenzako wote ukweli kabla hawajatoka. Kila mmoja ajue anachokiendea."

"Huyo mzima ni wa nani?"

"Veridiana. Mdogo wake Oliva."

"Mtoto wa Mama Oliva? Yule aliyekuja kwenye msiba wa mume wangu akavaa kanzu ya marehemu na kudai ndiye mke mkubwa?"

"Huyohuyo."

"Basi mwanawe hawezi kufa kabla sijamlipiza mama yake." Sauti ya shangazi ilikuwa imara, lakini pumzi yake ilikuwa imebadilika. "Nitawaambia wenzangu. Watakaotaka watakuja."

"Na salfa ipo?"

"Mikorosho imechanua, watu wanapulizia kila siku kuua ukungu wa ubwiri. Salfa itakosekana wapi?"

*

Pikipiki yake ya Boxer ilinguruma kuelekea uwanda wa juu. Faidha alijifunga khanga kichwani, akaficha bastola ya Glock chini ya blauzi na redio ya Motorola ndani ya mkono wa sweta. Milima ya mawe ya Masasi ilibaki nyuma. Baridi ya juu ilianza kumpiga usoni.

Aliogopa.

Hakuogopa kufa tu. Aliogopa kuchelewa. Alijaribu kubana pumzi ili ajue Veridiana anajisikiaje, akaiachia upesi. Hakutaka kujua.

Akawaona kwenye kona za mlima. Noah nyuma, pikapu mbele, inapanda taratibu kama inavyopanda misiba yote. Shada la maua ya plastiki lilikuwa juu ya jeneza. Kando yake aliketi mwanamume mpana mwenye koti la mvua, mkono mmoja ndani ya koti.

Kuupita msiba barabarani ni utovu wa adabu. Kubaki nyuma kulikuwa kumwacha Veridiana. Faidha aliinamisha kichwa, akaongeza mafuta.

Aliipita Noah. Akawa sambamba na pikapu. Jeneza lilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuligusa. Aliyaona matundu. Yalikuwa madogo kuliko alivyoyafikiria, na vumbi jekundu lilikuwa limeanza kuyaziba.

Mwenye koti la mvua alimtazama. Faidha alitazama barabara.

Kisha akafika usawa wa dirisha la dereva. Tausi alikuwa ameketi upande wa abiria, suti ya kijivu, tai nyeusi. Alimtazama kuanzia khanga hadi buti. Akazitazama buti kwa muda. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama mfiwa.

Faidha alipinda kona.

*

Walitokea wote. Shangazi Sophia alikuwa amewaambia kuhusu bunduki, na hakuna aliyebaki sokoni. Wanawake wa Kiyao na wa Kimakua walijazana barabarani, mbele kidogo ya njia ya Shimo la Mungu. Mmoja alivaa suruali ya mumewe na kujaza mto tumboni. Wengine walipiga madebe. Shangazi alijipaka unga uso mzima na kubeba mgongoni mashine ya Stihl ya kupulizia mikorosho, tangi limejaa salfa ya njano.

"Unatetemeka," shangazi alisema.

"Wewe pia."

"Mimi ni mzee. Wewe una kisingizio gani?"

Faidha alipakwa unga usoni, akavalishwa koti kuukuu la kiume. Viatu vya kubadilisha havikuwepo. Muda wa kutafuta viatu haukuwepo pia. Pikapu ilikuwa imetokeza.

Wanawake walilala chini, katikati ya barabara.

Pikapu ilisimama.

"Haziki mtu," Shangazi Sophia alitangaza. "Huyu Chilumba alikula ugali wangu msibani, akaondoka na bakuli. Mpaka bakuli lirudi, anakaa hapahapa tumtazame."

Madebe yalilia. Wapita njia walisimama wakicheka. Kila mtu katika uwanda ule alijua kinachofuata. Mfiwa wa Kimakonde angetoka garini, angesema kwamba Wayao hata kaburini wanatafuta ngoma, kwamba bakuli lenyewe lilikuwa na tundu. Wangetukanana mpaka huzuni ipungue. Mwishoni angetoa kuku au chumvi, na njia ingefunguka. Hivyo ndivyo watani wanavyomlilia mtu.

Mlango wa pikapu ulifunguka. Tausi akashuka.

"Shikamooni akina mama," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Naomba radhi sana kama marehemu aliwakosea. Tuna huzuni kubwa. Naomba mtuwie radhi, mtupishe."

Debe la mwisho likanyamaza.

Wanawake walitazamana. Yule mwenye mto tumboni aliinuka taratibu, akakaa. Kicheko cha wapita njia kilikatika kama kilichokatwa kwa kisu.

"Unaniomba radhi?" Shangazi Sophia aliuliza, kwa upole. "Mimi?"

"Sana, mama yangu."

Tausi alikuwa amejifunza lugha, nyimbo za mazishi, hata jina la kijiji. Hakuna aliyemfundisha kwamba mfiwa hamwombi radhi mtani wake.

Faidha alileta mkono wa sweta karibu na mdomo, kama anayefuta kamasi.

"Msingi, hapa Kware," alimwambia Anderson kwa majina yao ya redioni. "Uhakika ninao."

"Mkono?"

"Naenda."

Alipanda pikapu akilia kwa sauti kubwa. Kilio hicho hakikuhitaji kuigizwa sana. Mwenye koti la mvua alimsukuma, lakini watu wote walikuwa wakitazama, na hakuna mfiwa anayempiga mtani. Akasita. Faidha alijitupa juu ya jeneza, akalikumbatia, sikio lake likabana kwenye mbao.

Kimya.

Aliyabandua mavumbi kwenye matundu kwa vidole, miguu ya mtu yule ikiwa kando ya uso wake.

"We Mmakonde mvivu," alianza, sauti ikikwaruza. "Ulizoea kulala mchana, leo umelala mpaka barabarani. Unanisikia? Ni mimi, mtani wako."

Kimya.

Alitaka kulipasua jeneza kwa kucha. Badala yake akaendelea, kwa kuwa ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo.

"Watani wako tumekuja kukupulizia salfa, usije ukaota ubwiri huko uendako. Tunapulizia bila huruma. Funika pua na sanda yako. Fumba macho. Bana mdomo huo mkubwa wa kwenu. Na kama umesikia usipige kelele, maana lini Mmakonde alinyamaza akiambiwa?"

Chini ya sikio lake, ukucha ulikwaruza mbao.

Mara moja. Dhaifu.

Faidha aliificha sura yake kwenye shada la plastiki.

"Nini hicho?" mwenye koti la mvua aliuliza.

"Mteremshe huyo mwanamke," Tausi alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa amesogea ubavuni mwa pikapu, na alikuwa akitazama buti. "Wewe ulikuwa kwenye pikipiki."

Mkono wa mwenye koti ulitoka. Sindano ilikuwa ndefu, imejaa. Haikuelekea kwa Faidha. Kulikuwa na tundu moja kubwa kuliko mengine upande wa kichwani, ambalo Halfani hakulitoboa, lililozibwa kwa pamba. Faidha alilielewa papo hapo. Hilo lilikuwa tundu la kumalizia kazi.

"Shangazi," alisema, "mkorosho umeota ubwiri."

Shangazi Sophia alivuta kamba. Stihl ikanguruma.

Wingu la njano liliwafunika wote. Salfa iliwaingia machoni, puani, kooni. Mlango wa Noah ulifunguka na kufungwa tena. Mtu alikohoa kwa uchungu, bastola ikaanguka kwenye lami. Faidha alikuwa amefumba macho kabla ya wingu. Kwa mkono mmoja alibandika khanga juu ya matundu ya miguuni. Kwa mwingine alipapasa hewani, akaushika mkono wa koti la mvua.

Yule mtu alikuwa na nguvu kumzidi. Hakuona, lakini hakuhitaji kuona. Alijua pamba ilipo. Sindano ilishuka. Faidha aliiacha khanga, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote. Sindano iliendelea kushuka, taratibu, kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Alifanya lililobaki. Alimng'ata.

Mkono ulipinda. Sindano ilichoma mbao, ikakatika.

Alipofungua macho, Glock ilikuwa nyuma ya sikio la mwenye koti. Hakukumbuka kuichomoa.

"Shuka," alisema. "Polepole. Kuna msiba hapa."

Mashine ilizimwa. Upepo wa ukingoni ukalifagia wingu. Askari wa Anderson walikuwa wametoka kwenye mikorosho, vitambaa puani, wakiwatoa madereva wa Noah na pikapu kama watu wanaowasaidia vipofu kuvuka barabara. Tausi alikuwa amejaribu kukimbia. Akiwa haoni, alikuwa amejikwaa kwa wanawake waliolala barabarani, mmoja baada ya mwingine. Sasa alikuwa kifudifudi, suti ya njano, na Shangazi Sophia amemkalia mgongoni.

"Naomba radhi," shangazi alimwambia, "kwa usumbufu."

*

Skrubu za Halfani zilikuwa za mtu mwaminifu. Hazikutaka kutoka.

Faidha alizifungua kwa mikono yake. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakwama. Aliita jina la Veridiana. Hakujibiwa.

Aliita tena.

Kifuniko kiliinuka.

Mwanamke alilala amefunikwa sanda hadi utosini. Juu ya miguu yake kulikuwa na kasha la alumini, la mviringo, limemgandamiza. Sanda haikucheza kwenye pua. Faidha aliivuta. Uso ulikuwa wa kijivu, umelowa jasho, midomo mikavu. Macho yalikuwa yamefumbwa.

Alikuwa amechelewa.

Aliweka kiganja shavuni mwake. Lilikuwa na baridi. Wanawake walivua vilemba. Mtu mmoja alianza kulia, kilio cha kweli safari hii.

Jicho moja likafunguka.

Lilimtazama Faidha, unga wake, koti lake la kiume, salfa kwenye nyusi zake.

"Wayao hamna adabu," Veridiana alisema kwa sauti iliyokauka. "Mnampulizia maiti bila hodi."

Shangazi Sophia aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu sokoni.

"Huyo sasa," alisema, "ndiye Mmakonde."

Kicheko kilichofuata kilikuwa na machozi ndani yake. Walimkalisha, wakamfunika khanga, wakampa maji kidogo kidogo. Alipoweza kunyanyua mkono, alionyesha kasha.

"Angalia kama ni vyenyewe."

Faidha alifungua kasha, akatoa kisahani kimoja kwa kitambaa. Akavaa Ray-Ban. Akaizungusha Tecno mpaka ikawa nyeusi. Akakiingiza kisahani kati yake na giza hilo, akakigeuza taratibu.

Mwanga ukarudi. Kioo cha simu kikawaka ndani ya mduara wa yakuti kama dirisha lililofunguliwa.

"Ndivyo mbingu inavyotuonyesha," Veridiana alisema. "Ukikizungusha, kinachobadilika ni cha mbingu. Kisichobadilika ni uchafu wa mashine yako."

"Waliipata pembe?"

"Walinitisha na sindano. Nikawapa."

Faidha alimgeukia.

"Niliwapa mteremko wa paa la mama yangu," Veridiana alisema. "Wakaijenge, watapata nyumba isiyovuja."

Redio ilikohoa ndani ya mkono wa sweta. "Kware, hapa Msingi. Hali?"

"Korosho zimekauka. Gunia na mwenye gunia."

Anderson akaanza kufoka kuhusu salfa kwenye sare za askari, na Faidha akajua kwamba hatari imekwisha.

Alivua koti la watu, akalikunja, akamrudishia mwenyewe. Akafuta unga kwa ncha ya khanga. Shangazi Sophia alimsindikiza hadi kwenye Boxer, akaitazama Glock ikirudi chini ya blauzi.

"Huko bandarini," aliuliza, "unafanya kazi gani hasa?"

"Napokea mizigo, shangazi."

"Hm. Na ukipokea, unaing'ata?"

"Ikikataa kushuka."

Alivaa miwani. Alishika usukani wa pikipiki kwa nguvu, vidole vyote, ili shangazi asione jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka sasa, baada ya yote. Shangazi aliona. Aliuchukua mkono mmoja, akaufunika kwa wake mpaka ukatulia, kisha akauchukua na wa pili.

"Nenda," alisema. "Na mama yake Veridiana mwambie bado namdai kanzu."

Faidha aliwasha injini, akapita kando ya jeneza tupu lililobaki wazi barabarani, na hakugeuka nyuma.